Kile Kitu Kilichomwamkia Bhoke

Siku ya kuniaga mlitaka nitoe hotuba. Nilisimama, nikasema asanteni, nikakaa. Marwa, ambaye sasa ndiye mkubwa wa karakana, alininong'oneza kwa hasira: "Mzee, umefanya kazi hapa tangu sisi hatujazaliwa, halafu unatuambia asanteni tu?" Haya, Marwa, na ninyi wenzake. Leo ng'ombe wamekwenda malishoni, mama watoto yuko kwaya, mvua inakuja kutoka upande wa hifadhi lakini haijafika. Nina kalamu na nina muda. Msiniharakishe tu, maana siku hizi mawazo yangu yanatembea kama mtu aliyeamshwa usingizi wa mchana.

Nilikuja karakana nikiwa fundi seremala. Nilijua vitanda, milango na majeneza, nikadhani hakuna kitu kitakachonitisha. Siku ya kwanza Mzee Okech aliniambia nimletee gunia lililokuwa kwenye kona. Mzee Okech ndiye aliyenifundisha kazi hii ya miguu na mikono ya bandia, Mjaluo wa upande wa Shirati, mfupi, mwenye masikio makubwa na subira kidogo. Nikalifungua gunia. Ndani kulikuwa na mikono. Mikono ya mpira yenye rangi ya ngozi, ina kucha, ina mistari kiganjani, imelaliana humo kimya. Haki ya Mungu nililitupa lile gunia, nikajikuta nje kwenye jua.

Mzee Okech alinifuata akicheka mpaka akashika ukuta. "Mura," akaniita, kama sisi Wakurya tunavyomwita kijana, "jeneza unapigilia misumari, mkono wa mpira unakukimbiza!" Alipomaliza kucheka akakaa kwenye ngazi, akaniambia jambo ambalo nimeishi nalo. Alisema mtu haogopi kitu kisichofanana naye. Gogo halimtishi, stuli haimtishi. Wala hamwogopi mtu mwenzake akiwa mzima. Anachoogopa ni kile kinachokaribia kuwa mtu halafu kikaishia njiani. "Na sisi kazi yetu iko hapo hapo njiani," akasema, "kwa hiyo uzoee. Kalete gunia."

Nilizoea. Karakana yetu mnaijua, lile dirisha kubwa la magharibi, na alasiri jua linavyoingia limejaa vumbi la plasta. Miguu inaning'inia kwenye waya ikisubiri wenyewe. Upepo ukiingia inagusana, tok, tok, pole pole. Ukiwa umeshiba ugali na usingizi unakunyemelea, unaona kama kuna watu wanapita chumba cha pili, hawana haraka, wanakwenda zao. Sauti ile naitamani sasa. Nyumbani hapa ni jogoo tu na redio ya jirani.

Kesi ya kwanza iliyonifundisha kwamba Mzee Okech hakuwa anatania ilikuwa ya mama mmoja wa Sirari, muuza vitunguu pale mpakani, aliyekatwa mkono baada ya ajali. Nilimpa mkono mzuri kuliko yote iliyokuwa kwenye gunia. Baada ya muda akarudi, mkono ameufunga kwenye khanga ndani ya kikapu, akauweka juu ya meza yangu.

"Fundi, hii mkono ni mzuri bana, siwezi danganya," akasema kwa Kiswahili chao cha mpakani. "Lakini inafukuza wateja. Mtu akikuja kuchukua chenji, akiona hivi vidole havina damu, anarudisha mkono wake. Wengine siku hizi wanavuka kununulia Isebania."

"Sasa unataka nini, mama?"

"Nipe chuma."

Nikamtengenezea ndoano ya chuma, nikaisugua na tupa, nikaipiga msasa ikang'aa. Nilipopita Sirari siku moja nikakuta wateja wanamwita Mama Ndoano, watoto wanaomba waiguse, na yeye anainulia magunia huku anacheka. Basi nikaifanya kanuni: ama ufanane na mtu kabisa, ama ukae mbali naye kabisa. Ndiyo niliyowafundisha ninyi, na mkaiandika kwenye madaftari yenu. Sasa nawaambia haitoshi.

Kabla sijafika huko, niseme kidogo habari za ndoto. Mlikuwa mnanicheka kwa kuwauliza wagonjwa, "Ndotoni unatembea?" Lakini swali hilo lilinisaidia kuliko futi ya kupimia. Wengi wanakuwa na miguu yote. Mzee mmoja wa kabila la Wanata aliniambia ndotoni hata kiatu cha mguu ule anacho, tena kimepigwa kiwi. Wengine wanaamka wakiwashwa kwenye nyayo ambazo hazipo, wanaomba wakunwe, nami nilikuwa nawakuna pale pale kwenye mguu wa bandia, na wanasema ah, hapo hapo, asante. Msiniulize inawezekanaje. Mimi nilikuwa nakuna tu.

Sasa Bhoke. Huu ulikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini, na mguu wake ndio wa mwisho niliotengeneza kwa mikono yangu tangu plasta mpaka kiatu. Alikuwa mtoto wa darasa la nne, wa Machochwe. Aliumwa na nyoka akifuata ndama, mto ulikuwa umejaa, na walipofika hospitali mguu ulikuwa umeshaharibika. Ukakatwa chini ya goti. Bibi yake, Bibi Wankyo, ndiye aliyemuuguza wodini, kwa sababu mama yake alikuwa na kichanga nyumbani. Bibi alikuwa mwembamba, ana sauti ya kuitia ng'ombe, na mdomo wake haukuwa na pazia.

Bhoke aligeukia ukuta. Uji anakunywa nusu, maneno hatoi, kusimama hataki. Kidonda kilipona vizuri, mguu nikautengeneza, nikauegemeza kando ya kitanda ili auzoee kwa macho. Akavuta blanketi. Na kibaya zaidi, alikuwa analala amekunja goti, kutwa, kucha. Ninyi mnajua maana yake. Goti likikaukia pale, halinyooki tena, na mguu wa bandia unakuwa pambo la ukutani. Shule yao Machochwe iko mbali na nyumbani. Mtoto asiyetembea haendi. Sista Ghati, mkuu wa wodi ya watoto, alinivuta pembeni akaniambia tukimkosa mwezi huu tumemkosa moja kwa moja.

Nikaenda kukaa kando ya kitanda chake, nikamuuliza swali langu. "Bhoke, ndotoni unatembea?"

Akajibu huku anaangalia ukuta: "Nakimbia. Ndiyo maana nataka kulala."

Nilirudi karakana nikakaa nasugua kitu kilichokwisha kuwa laini zamani.

Katika siku hizo hizo akaja Neema na roboti. Neema ni injinia, binti wa Arusha, mpole, mwenye miwani na begi zito. Mradi fulani ulikuwa unajaribu roboti mahospitalini ili iwatie moyo watoto kufanya mazoezi: inasimama mbele yako, inakuita, ukipiga hatua inapiga makofi. Ilikuwa na kimo cha mtoto wa chekechea, chini magurudumu, juu mikono miwili, na uso wa mpira wenye macho yanayopepesa. Nilipouona ule uso nikakumbuka gunia la Mzee Okech. Lakini nilinyamaza, si kazi yangu kumvunja moyo mtoto wa watu asubuhi asubuhi.

Ikaingia wodini. Ikasimama mbele ya Bibi Wankyo, ikasema kwa sauti ya kitoto: "Habari, rafiki! Naitwa Nuru."

"Rafiki?" Bibi akaiangalia kutoka juu mpaka kwenye magurudumu. "Mimi na wewe tulichunga wapi pamoja?"

Watu wakacheka, lakini kicheko cha mtu anayetafuta mlango. Mdomo wa mpira ulikuwa unachelewa nyuma ya sauti kidogo, kidogo tu, na kila aliyekuwa mle ndani aliona. Kichanga kimoja kikaanza kulia. Kina mama wakavuta watoto wao kwenye mikeka. Kesho yake umeme ulikatika, kile kitu hakikuchajiwa, na katikati ya wodi, katikati ya neno, kikaangusha kichwa kifuani, macho wazi. Mama mmoja ambaye mtoto wake alikuwa ameungua na maji ya moto akambeba mtoto wake, drip na kila kitu, akatoka naye barazani. "Silali na maiti imesimama," akasema. Hakurudi mpaka kilipoondolewa.

Hapo nikatoa ushauri wangu wa kitaalamu. Nikamwambia Neema tatizo ni uso, afunike uso. Akakifunika kwa kitenge, akakiwasha, kikaingia tena wodini kikiwa kimefunikwa kichwa, kinateleza taratibu, kinasema habari rafiki kutoka ndani ya nguo. Wee! Mzee mmoja aliyekuja kumwona mjukuu wake alipanda juu ya kitanda na viatu. Bibi Wankyo akapiga kelele: "Jamani, sasa mmeshamfunika sanda na bado anatembea!" Sista Ghati hakupiga kelele, ndiyo tabia yake. Alisema, "Neema mdogo wangu, nakupenda, lakini kitu chako kitoke wodini kwangu." Kikaletwa karakana.

Alasiri hiyo siisahau. Tulikaa watatu, mimi, Neema na kile kitu, chini ya miguu inayoning'inia. Mvua ilinyesha kidogo juu ya mabati ikaacha, jua likaingia, vumbi la plasta likawa linaelea mbele ya uso wake wa mpira. Kilikuwa kimewashwa lakini hakisemi, kinapepesa macho tu. Nilisinzia. Nikaota, au sikuota, kwamba kimegeuka kinaitazama ile miguu mmoja mmoja kama mtu anayetafuta wa kwake. Nilipozinduka nilikuta kimesimama vile vile. Sikukiogopa tena. Nilikionea huruma, na huruma hiyo ilinishangaza.

Neema alikuwa amekaa juu ya mfuko wa plasta, machozi yakimlenga. "Mzee, kila mtu ananiambia ni uso. Na wewe umesema ni uso. Tumeuficha, imekuwa mbaya zaidi. Kwa hiyo siyo uso." Akafikiri. "Yule bibi siku ile ya kwanza alilalamikia nini, neno la kwanza kabisa?"

"Hakuamkiwa," nikasema. "Kitu chenye sauti ya mtoto kimemwita rafiki."

"Basi nikiwekee shikamoo." Akafungua kompyuta pale pale juu ya meza ya tupa na patasi.

"Kinaweza kujua nani mkubwa, nani mdogo?"

"Hakiwezi, mzee. Kitawaamkia wote."

"Kiamkie wote. Heshima haijawahi kuua mtu."

Sista Ghati alikubali mara moja ya mwisho, asubuhi, umeme ukiwepo. Kikaingia bila kitenge. Kikasimama mbele ya Bibi Wankyo. "Shikamoo."

"Marahaba," akajibu Bibi, na akashika mdomo. Ulikuwa umemtoroka. Wenye umri wetu ndivyo tulivyo, neno lile likisikika mdomo unaitika wenyewe hata ukiwa na hasira.

Kikaenda kitanda cha pili. Shikamoo. Cha tatu, kwa yule mtoto aliyeungua, ambaye bado hajaota meno yote. Shikamoo. Mama yake, aliyekuwa tayari kukimbia, akacheka kwa pua: kwa nini mtoto wake wa kunyonya aamkiwe kama mzee wa mila? Kikafika kwa Bhoke. Kikasimama nyuma ya mgongo wake, maana yeye alikuwa kwenye ukuta wake.

"Shikamoo."

Neema alikuwa amekiweka kirudie mpaka kiitikiwe.

"Shikamoo." Tena: "Shikamoo."

"Bhoke!" akasema Bibi. "Umeamkiwa. Utamwacha mtu asimame na shikamoo mdomoni mpaka lini? Wewe umelelewa na nani?"

"Shikamoo."

Blanketi likatikisika. Ndani yake ikatoka sauti ndogo, ya hasira: "Marahaba."

Wodi nzima ikapasuka kwa kicheko. Na kwa kuwa mtu akishaitika marahaba huwa anaendelea, Bhoke akaongeza, "Hujambo?" Kikajibu, "Sijambo." Akageuza kichwa kukiona. Mara ya kwanza kwa siku nyingi nikaona uso wake wote, ni mtoto mwenye paji pana na macho makali. Hakuwa ameogopa hata kidogo. Mtu huogopaje kitu kilichokuamkia?

Bibi Wankyo akakisogelea, mikono kiunoni. "Sasa nisikilize. Kama unamwamkia huyu, basi wewe ni mdogo wake. Na kama ni mdogo wake, ni mjukuu wangu. Unaitwa nani?"

"Naitwa Nuru."

"Hilo waachie waliokuleta. Hapa unaitwa Chacha."

Chacha lilikuwa jina la marehemu mume wake. Na kwetu mjukuu akibeba jina la babu, bibi humwita mume wangu, na utani unaanzia hapo haukomi. Bibi hakupoteza muda. "Mume wangu! Umekaa huko ulikokwenda miaka yote, unarudi umenenepa hivi, na huna hata ng'ombe mmoja nyuma yako!" Kina mama wakaangukiana. Mwingine akadakia, "Bibi, mwangalie vizuri, na miguu kaisahau huko huko!" Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikaona mabega ya watu yanashuka mle ndani, nikajiambia, mura, umefanya kazi maisha yako yote na leo ndiyo unaelewa. Uso ulikuwa vile vile. Mdomo ulikuwa bado unachelewa. Lakini sasa watu walijua wamweke wapi. Mtu asiye na mahali huwezi kumtania, huwezi kumheshimu, unabaki kumwogopa tu.

Hata hivyo kucheka siyo kutembea. Bhoke alicheka akarudi kulala na goti lake limekunjwa. Chacha alisimama mbele yake siku mbili tatu, akamwita kwa jina, akamwambia unaweza, jaribu, akapiga makofi ya bure. Bhoke alikuwa anamtazama kama anavyotazamwa mwalimu wa zamu.

Kilichomsimamisha ni ufa. Sakafu ya wodi ile ina ufa karibu na meza ya dawa, mnaujua, umewaangusha wengi. Chacha alikuwa anavuka kwenda upande wa pili, gurudumu likazama, akakwama. Akaanza kuiambia meza: "Samahani, naomba kupita." Akangoja. "Samahani, naomba kupita." Neema alikuwa nje kwenye simu. Sista Ghati akaweka trei chini amfuate, Bibi Wankyo akamshika sketi.

"Mwache. Ana dada yake."

Watu wote wakamtazama Bhoke.

"Bibi, si uende wewe?"

"Mimi? Mke amsukume mume mbele za watu? Unataka nichekwe mpaka Tarime?"

"Samahani, naomba kupita," akasema Chacha kwa ile meza, kwa adabu, wala hakuonyesha kuchoka. Ilikuwa inachekesha, na mara ikaacha kuchekesha. Ilikuwa inatia uchungu. Bhoke akakaa. Akasonya. Akaniangalia mimi kana kwamba mimi ndiye niliyechimba ule ufa.

"Fundi, lete huo mguu."

Nikamvisha soksi ya kigutu, nikaingiza, nikakaza. Goti halikutaka kunyooka. Alilinyoosha akilia, akitukana kwa Kikurya maneno ambayo sitayaandika hapa kwa kuwa mke wangu atasoma. Akachukua magongo. Hatua moja, akapumzika. Nyingine. Akafika, akaegemeza gongo kwenye meza, akamsukuma Chacha kwa mkono mmoja mpaka gurudumu likatoka.

"Asante," akasema Chacha.

"Uwe unaangalia unakokwenda," akasema Bhoke, kwa sauti ya dada mkubwa yeyote.

Tangu hapo goti likaanza kunyooka, kwa sababu Chacha alikuwa anakwama kila siku. Alikuja fundi ujenzi kuziba ufa. Nilimwambia saruji haijafika, naye akaniamini, Mungu anisamehe. Neema alicheka sana alipoelewa. "Mzee, tumemtengeneza amwongoze mtoto," akaniambia, "kumbe mtoto alikuwa anahitaji mtu ambaye yeye ndiye atamwongoza." Yeye ndiye aliyelisema vizuri hivyo, mimi nalinakili tu. Wala msidhani kila mtu alimpenda. Yule mama wa mtoto aliyeungua hakukaa karibu naye hata siku moja. "Simchukii," alisema, "ila asinitazame sana." Nilimwelewa. Mimi mwenyewe jua likizama, nikimkuta peke yake barazani anapepesa macho kuelekea milimani, nilikuwa napita upande wa pili.

Kisha majaribio yakaisha. Gari lingekuja Ijumaa kumchukua Chacha apelekwe wilaya nyingine. Hapo ndipo tulipoogopa kweli. Bhoke alikuwa anatembea, ndiyo, lakini anatembea kwa ajili ya Chacha tu. Alikuwa hatembei kwenda chooni bila kubembelezwa, hatembei kwenda dirishani. Akiondoka huyu, je, atageukia ukuta tena? Mtoto ameshapoteza mguu, sasa tunamchukulia na mdogo wake. Mimi na Sista Ghati tukapatana kwamba Chacha atolewe wakati watoto wanakunywa uji, taratibu, bila maneno. Tulijiona watu wenye akili.

Bibi Wankyo alitusikia. Sijui alisikiaje, tulinong'ona. "Mnataka kumtoa mtu nyumbani kama mwizi?" akasema katikati ya baraza, sauti ile ya ng'ombe. "Ametukuta hapa, tumempa jina, tumemtania, halafu anaondoka hakuna wa kumsindikiza? Hata mkusanya kodi husindikizwa!" Akaingia ndani. "Bhoke, inuka. Mdogo wako anasafiri."

Nilidhani Bhoke atalia. Hakulia. Alivaa mguu mwenyewe, akajifunga khanga ya bibi yake mabegani, maana anayesindikiza hatoki hivi hivi. Akachukua gongo moja badala ya mawili. Wakatoka.

Uwanja wa hospitali mnaujua, kutoka barazani hadi getini ni changarawe tupu na unapanda. Bhoke alikuwa hajawahi kwenda hata nusu yake. Chacha alikuwa anakwama kila mahali, na kila akikwama Bhoke anasimama, anapanga mguu, anasukuma. Neema alikuwa mbele, hakumgusa yeyote. Sisi tulikaa barazani, Sista Ghati ameshika kiti cha magurudumu tayari kukimbia nacho. Mawingu yalikuwa yameshuka, mwanga umekuwa wa maziwa, hakuna upepo. Wale wawili walikuwa wanapungua kwa mbali, mmoja anateleza, mmoja anachechemea, na kwa muda nilishindwa kabisa kujua yupi ndiye aliyetengenezwa na watu. Nilikuwa na furaha na hofu kwa pamoja.

Getini walimpandisha garini. Nilisikia Bhoke akimwambia, kwa sauti ya kuagiza, akifika aheshimu watu na asiwe anang'ang'ania njia mbovu. Mlango ukafungwa. Gari likaondoka na vumbi lake, Neema akipunga mkono dirishani mpaka kwenye kona.

Bhoke akabaki amesimama ametupa mgongo. Mbele yake barabara tupu, nyuma yake uwanja wote ule wa kurudi, na safari hii hakuna anayekwama, hakuna anayemwita, hakuna wa kusukumwa. Sista Ghati akaanza kusukuma kiti. Bibi Wankyo akaweka mguu wake mbele ya gurudumu.

Tulingoja. Matone ya kwanza ya mvua yakaanguka kwenye changarawe. Bhoke akageuka.

Alirudi kwa mwendo wake. Alisimama mara kadhaa, aliegemea gongo, aliangalia chini, akaendelea. Hakututazama. Alipofika kwenye ngazi za baraza alikuwa ameloa jasho na mvua, anahema, akakipita kiti cha magurudumu kana kwamba hakukiona. Nikangoja alie. Nikangoja amtaje Chacha. Akaja moja kwa moja mpaka kwangu, akanyoosha mguu mbele yangu, goti limesimama sawa.

"Fundi," akasema kwa ukali, "hapa kwa nje unanibana. Urekebishe vizuri. Machochwe ni mbali."